Sauti ya Upepo na Hesabu Yake

Aliyepata kukaa pwani aujua mvinje. Hata siku ya upepo mdogo mti huo hulia kwa sauti nyembamba, na mgeni alalaye karibu nao kwa mara ya kwanza hudhani kuwa asikia mawimbi ya bahari. Mwembe ulio kando yake, upepo ukiwa ule ule, hutoa mchakacho tu wa majani yanayogusana. Huko bara nako, nyaya zilizotandwa juu ya nguzo huvuma usiku kama nyuki. Ufito mwembamba ukipigwa hewani hulia, bali gogo likirushwa halilii. Watu wengi huyasikia mambo hayo tangu utoto wao wala hawaulizi habari zake. Lakini swali lipo, nalo ni gumu kuliko lionekanavyo: ni kitu gani hasa kinacholia? Ni mti, ni waya, au ni upepo wenyewe?

Kwanza tukumbuke sauti ni nini. Ngoma ikipigwa, ngozi yake hutetema, yaani huenda mbele na nyuma upesi sana. Ikienda mbele huisonga hewa, ikirudi nyuma huilegeza. Na kule kusongwa na kulegezwa husafiri hewani kama mawimbi mpaka sikioni. Mitetemo ikiwa mingi katika sekunde moja, sauti huwa nyembamba. Ikiwa michache, sauti huwa nene. Kwa hiyo watu wa zamani walidhani kwamba waya katika upepo hulia kama uzi wa zeze, na upepo ni kama kidole kiupigacho. Dhana hiyo si ya kijinga, walakini haikusimama ilipojaribiwa.

Aliyeijaribu ni Vincenc Strouhal, mzaliwa wa Bohemia, nchi ambayo sasa ni sehemu ya Ucheki. Alitangaza habari za majaribio yake mwaka 1878, alipokuwa akifanya kazi Würzburg katika Ujerumani. Hakungoja upepo uvume, maana upepo hauna saa. Alifunga waya katika kiunzi kinachozunguka, akauzungusha upesi katika hewa tulivu; kwani waya kuipita hewa, au hewa kuupita waya, ni mamoja. Sasa fikirini: kama waya ungalilia kama uzi wa zeze, kuukaza kungaliipandisha sauti, na kuulegeza kungaliishusha. Haikuwa hivyo. Sauti haikujali mkazo wa waya wala urefu wake. Mambo mawili tu ndiyo yaliyoibadili: mwendo na unene. Mwendo ukizidi, sauti ilipanda. Waya ukiwa mnene zaidi, sauti ilishuka. Ila mara nyingine ilitokea kwamba mitetemo ya hewa iliafikiana na mtetemo wa asili wa waya wenyewe. Hapo waya uliitikia, na sauti ikawa kubwa sana.

Kanuni yenyewe yaweza kusemwa kwa maneno mepesi. Kila mara upepo unapokwenda umbali ulio karibu sawa na unene wa waya mara tano, hutokea mtetemo mmoja. Tufanye hesabu. Waya una unene wa milimita 2. Mara tano ni milimita 10. Upepo wenda mita 10, yaani milimita 10,000, katika sekunde moja. Gawanya 10,000 kwa 10, wapata mitetemo 1,000 kwa sekunde, nayo ni sauti nyembamba isikikayo vizuri sana. Tawi lenye unene wa sentimita 10, katika upepo ule ule, latoa mitetemo 20 tu, na sikio la mwanadamu halisikii vema iliyo chini ya hapo. Ndiyo sababu mvinje, ambao vijiti vyake ni vyembamba kama uzi, hulia, na shina la mwembe hunyamaza.

Lakini mitetemo hiyo yatoka wapi, ikiwa haitoki katika waya? Nenda kwenye mfereji ambamo maji hupita polepole, uchomeke kijiti kilichosimama wima, kisha unyunyize unga kidogo juu ya maji. Utaona ya kuwa nyuma ya kijiti maji hayaendi moja kwa moja. Upande wa kulia hutokea kisulisuli kidogo, maji yakijizungusha. Hukua, hukatika, huchukuliwa na mkondo. Mara hutokea kingine upande wa kushoto, nacho hukatika. Kisha kulia tena, kisha kushoto. Hewa hufanya vivyo hivyo nyuma ya waya, ila macho hayaioni. Kila kisulisuli kikatikapo, hewa huusukuma waya upande mmoja, na waya nao huirudishia hewa msukumo huo. Kisulisuli cha pili kikikatika, msukumo hugeukia upande mwingine. Msukumo huo wa huku na huku ndio sauti. Hata waya ukiwa umeshikwa imara usitikisike kamwe, hewa hutikisika, na sikio husikia. Basi upepo ndio uliao, na waya ni kama kikwazo kinachoutia sauti.

Habari za visulisuli hivyo zina kisa chake, nacho chawahusu wanafunzi. Karibu na mwaka 1911, huko Göttingen katika Ujerumani, mwanafunzi aitwaye Karl Hiemenz alipewa kazi na mwalimu wake, Ludwig Prandtl. Alitakiwa kupitisha maji kando ya nguzo ya mviringo na kupima jinsi maji yanavyoisukuma. Ilimpasa maji yaende kwa utulivu, lakini nyuma ya nguzo hayakutulia, yaliyumba huku na huku. Mwalimu akamwambia kwamba nguzo yake haikuwa mviringo sawasawa. Akaisawazisha kwa uangalifu mwingi, maji yakayumba. Akaambiwa kwamba yamkini mfereji haulingani pande zote mbili. Akautengeneza mfereji, maji yakayumba vile vile. Kila asubuhi kijana mwingine wa chuo kile, Theodore von Kármán, mzaliwa wa Budapest, alimpitia akamwuliza kama maji yametulia, na kila asubuhi jibu lilikuwa la huzuni. Mwisho von Kármán akawaza moyoni ya kuwa huenda kosa si la Hiemenz wala la nguzo, bali ndiyo desturi ya maji yenyewe. Akaketi kufanya hesabu. Akaonyesha ya kuwa visulisuli vikienda wawili wawili sambamba, havidumu. Bali vikipishana, kimoja kulia na kimoja kushoto, kama nyayo za mtu atembeaye mchangani, safu yake yaweza kudumu. Hiemenz hakuwa mzembe hata kidogo.

Mpaka hapo tumesema habari za upepo unaogonga kitu. Je, hewa yaweza kulia pasipo kugonga kitu chochote? Achama kinywa, utoe pumzi: husikii kitu ila kwa shida. Sasa finya midomo uache tundu dogo, utoe pumzi ile ile kwa nguvu: yalia fuu. Pumzi ni ile ile, lakini mwendo wake umezidi, nayo imeingia kwa kishindo katika hewa tulivu iliyo nje. Hapo mkondo wa upesi husuguana na hewa iliyosimama, ukavurugika kuwa visulisuli vingi visivyo na mpango, vikubwa kwa vidogo. Visulisuli hivyo husongana vyenyewe kwa vyenyewe, na baadhi ya msongo huo hutoroka kuwa sauti.

Jambo hilo lilikuwa dogo mpaka zilipokuja ndege za jeti, ambazo hutupa nyuma mkondo wa hewa ya moto kwa mwendo mkali sana. Tarehe 2 Mei 1952 ndege iitwayo Comet iliondoka London kwenda Johannesburg, nayo ndiyo ndege ya jeti iliyofungua safari za kawaida za abiria wa kulipa nauli duniani. Njiani ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Hivyo Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria, ni miongoni mwa mahali pa kwanza kabisa palipofikiwa na safari hizo. Mwaka ule ule, huko Manchester katika Uingereza, James Lighthill, mwenye umri wa miaka 28, alitangaza hesabu ya sauti itokayo katika mkondo wa hewa peke yake. Nguvu ya sauti hiyo, alisema, yafuata mwendo wa mkondo uliozidishwa kwa wenyewe mpaka uwe mara nane katika hesabu. Maana yake ni hii: mwendo ukiongezwa mara mbili, sauti haiongezeki mara mbili, wala mara nne. Zidisha 2 kwa 2, tena kwa 2, uendelee hivyo mpaka umeandika tarakimu 2 mara nane. Utapata 256. Sijui kanuni nyingine ya maumbile ipandayo upesi namna hiyo ambayo mtoto wa darasa la tano aweza kuihesabu.

Asidhani mtu kwamba makelele ni udhia wa masikio tu. Mwaka 1992 mji wa Munich katika Ujerumani uliufunga uwanja wake wa zamani wa ndege na kufungua mwingine mahali pengine. Kabla ya kuhama, wataalamu walikuwa wamekwisha kuwapima watoto wa shule wa karibu na viwanja vyote viwili, wakawapima tena mara mbili baadaye. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002. Watoto wa karibu na uwanja mpya, makelele yalipowajia, walirudi nyuma katika kusoma na katika kukumbuka mambo waliyojifunza. Na wale wa karibu na uwanja wa zamani, makelele yalipokoma, waliendelea vizuri katika mambo hayo hayo. Kosa halikuwa la watoto wala la walimu wao.

Kanuni ya Lighthill ndani yake ina dawa pia. Ndege husukumwa mbele kwa wingi wa hewa itupwayo nyuma na kwa mwendo wa hewa hiyo. Injini za kwanza zilitupa hewa kidogo kwa mwendo mkali. Ukitupa hewa nyingi kwa mwendo wa pole, ndege yaenda sawasawa na sauti yapungua mno. Kwa hiyo injini za leo ni pana, na mbele zina pangaboi kubwa. Sehemu kubwa ya hewa hupita kando ya moto bila kuungua, ikatupwa nyuma polepole. Boeing 747, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 1970, ilikuwa na injini za namna hiyo. Lakini sauti ya mkondo ilipopungua, ndipo watu wakaanza kusikia sauti zilizokuwa zimefichwa nayo: pangaboi, magurudumu yakiteremshwa, na kingo za mabawa. Ni kama mtu mwenye sauti kubwa akitoka chumbani, nawe wagundua kwamba wengine nao walikuwa wakisema.

Hapo kanuni moja haitoshi tena. Fundi ataka kujua kama ukingo ukikatwa hivi au vile, sauti itakuwaje, naye hawezi kuunda injini mia ili apate kuzisikiliza. Yampasa kuihesabu sauti ya kitu kabla kitu hicho hakijakuwapo. Kanuni za mwendo wa maji na hewa zajulikana tangu zamani. Navier, Mfaransa, aliziandika mwaka 1822, na Stokes, mzaliwa wa Ireland, akazieleza vema zaidi mwaka 1845. Ila kwa hewa iliyojaa visulisuli elfu elfu, hakuna awezaye kupata jibu lake kwa kalamu na karatasi peke yake.

Njia itumikayo ni hii. Hewa yote iliyo karibu na injini hugawanywa, kwa fikira tu, kuwa vyumba vidogo sana. Kila chumba huandikiwa tarakimu zake: hewa yake yaenda wapi, kwa mwendo gani, imesongwa kiasi gani, ina joto gani. Kisha kwa kutazama tarakimu za vyumba jirani, huhesabiwa tarakimu za kila chumba baada ya kitambo kidogo, kifupi kuliko kufumba na kufumbua. Hesabu hurudiwa tangu mwanzo kwa kitambo cha pili, na cha tatu, hata mara elfu nyingi. Mwingereza Lewis Fry Richardson aliijaribu njia ya namna hii kwa mkono kabla ya kompyuta kuwapo, katika habari za hali ya hewa. Alikuwa mtu wa dini ya Quaker, asiyekubali kushika silaha, naye katika Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa akichukua majeruhi katika Ufaransa. Huko, katikati ya kazi hiyo, alihesabu hewa ya Ulaya ya siku moja, tarehe 20 Mei 1910. Jibu lake lilikuwa baya kupita kiasi, kwa sababu dosari ndogo za tarakimu za kwanza zilikuzwa na hesabu. Hakulificha. Alilitia katika kitabu chake mwaka 1922, na humo humo akawaza jumba kubwa ambamo watu 64,000 wangehesabu pamoja, kila mmoja sehemu yake ya kazi. Leo kazi ya watu hao hufanywa na kompyuta, na zile kubwa zina sehemu nyingi zinazohesabu kwa pamoja kama alivyowaza.

Mtu aweza kusema, basi kazi imekwisha, kompyuta haichoki. La. Ukitaka kuona visulisuli vidogo zaidi, na kila chumba ukakigawa nusu kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, chumba kimoja huwa vinane. Tena yakupasa kufupisha kitambo nusu, hata kazi yote huwa mara 16. Gawa tena nusu, ni mara 256. Hakuna kompyuta iliyoundwa isiyoweza kushindwa kwa kugawa namna hiyo, na fundi hapana budi achague visulisuli gani atavihesabu hasa na vipi atavikadiria.

Shida ya pili ndiyo kubwa, nayo ni udogo wa sauti. Mtu akisema nawe kwa kawaida, sauti yake huusogeza msongo wa hewa kwa sehemu moja tu katika milioni tano. Tuseme una mizani na lori lenye uzito wa tani 5. Sauti ya maneno ni kama gramu 1 iliyoongezwa juu ya lori hilo. Mfanyabiashara akikosea gramu kumi katika kupima lori, hakuna atakayelalamika. Lakini aihesabuye sauti akikosea hivyo, atasikia makelele ya makosa yake mwenyewe, si ya injini. Na sikio zima ambalo Mwenyezi Mungu amempa mwanadamu lasikia pungufu ya hapo mara elfu: sehemu moja katika milioni elfu tano.

Kwa hiyo kazi hugawanywa mara mbili. Karibu na injini au bawa, hewa huhesabiwa kwa vyumba vidogo na kwa uangalifu mwingi. Mbali na hapo vyumba huachwa, maana haifai kuijaza anga yote kwa vyumba mpaka kwa mtu aliyesimama kilometa moja. Kanuni ya Lighthill huichukua sauti kutoka kwenye visulisuli na kuifikisha sikioni kwa hesabu moja. Curle aliizidisha kanuni hiyo mwaka 1955 ili ihesabu pia hewa igusayo vitu vigumu visivyokwenda, na Ffowcs Williams na Hawkings mwaka 1969 wakaizidisha kwa vitu viendavyo, kama pangaboi lizungukalo. Kisha jibu hulinganishwa na vipimo: mfano wa kitu huwekwa katika chumba chenye upepo wa kutengenezwa, ambacho kuta zake hunyonya sauti, na vinasa sauti vikasikiliza. Waya wa Strouhal haujasahauliwa. Nguzo ya mviringo katika upepo bado hutumiwa kuijaribu programu mpya ya kompyuta, kwa kuwa sauti yake yajulikana. Programu isiyoweza kuhesabu sauti ya nguzo haiaminiwi kuhesabu sauti ya ndege.

Tunda moja la kazi hiyo laonekana kwa macho hata kwetu. Kenya Airways ilianza kutumia ndege za Boeing 787 mwaka 2014, na Air Tanzania ikapata yake ya kwanza mwaka 2018. Ukingo wa nyuma wa ganda la injini za ndege hizo haukukatwa sawa, bali una meno mapana kama ya msumeno. Wasiojua hudhani ni pambo. Meno hayo huichanganya hewa ya upesi na hewa ya pole kidogo kidogo, ili visulisuli vikubwa, vitoavyo ngurumo nene, visipate nafasi ya kukua. Lakini meno yakiinamishwa ndani mno, visulisuli vidogo huongezeka, na badala ya ngurumo husikika mlio mwembamba. Tena nguvu ya injini hupungua. Kiasi cha kuinama kwake kilitafutwa kwa hesabu na kwa vipimo vingi, na ndege ikiwa imesimama uwanjani mtu aweza kuona jinsi kilivyo kidogo.